Chupa ya Sifongo

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilimeza chupa nzima ya dawa ya rovu mbele ya mama yangu, shangazi yangu na jirani yetu mmoja mjane. Sikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, wala sijawahi kuwa nalo. Vilikuwa vidonge vyeupe, vidogo kama punje za ulezi, vitamu, na kwa kadiri nilivyoweza kuvihesabu kwa ulimi vilizidi arobaini. Mama alinitazama mpaka nikamaliza. Akaichukua chupa, akaitikisa karibu na sikio, akasema, "Haya. Sasa shingo yako ndiyo itakayopona."

Nilifanya vile kwa sababu njia nyingine zote zilikuwa zimeniishia. Ili jambo lieleweke, sina budi kurudi nyuma miezi mitano.

Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika, nami nilikuwa karani katika shamba la miwati, ile miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake, nje kidogo ya Njombe. Asubuhi niliita majina ya wakata miti, alasiri nilisimama mizanini wakati magome yakipimwa, na katikati ya hayo nilitafsiri: Kibena kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kiingereza, na kurudi. Mama alikaa njia ya Matembwe, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka shambani. Nilikwenda kumwona kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nikimkuta anatoka kanisani.

Alikuwa na rovu tangu nikiwa mdogo. Kwetu, juu kule kwenye baridi, jambo hilo halikuwa ajabu. Katika benchi moja la wanawake kanisani ungeweza kuona shingo tatu au nne zilizovimba, na wenye nazo walivaa shanga juu yake kama watu wengine. Hakuna aliyeliita ugonjwa. Lakini mwaka ule mama alianza kupiga mluzi. Akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, pumzi yake ilitoa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mwanzoni watoto wa jirani walicheka. Baadaye hawakucheka tena, maana alianza kusimama mara mbili, kisha mara tatu, kabla ya kufika juu.

Nilimpeleka kwa mganga wa serikali pale Njombe, Mwafrika mwenzetu, mtu makini. Alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate, akamwambia apande ngazi za baraza na kushuka, akasikiliza. Akaandika barua kwa hospitali ya misheni iliyokuwa ng'ambo ya Makambako, ambako palikuwa na daktari Mzungu aliyejua kupasua shingo. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: mama aletwe Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi. Chini yake daktari alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa mkono wake. Alisema mwisho wa mwezi huo anakwenda likizo Ulaya, na atakayeshika kazi yake hajapatikana.

Mama alikubali kwenda. Nalisisitiza hilo, maana baadaye watu walisema hakukubali kamwe. Alikubali mbele yangu, akanituma nimtafutie blanketi la safari.

Kisha akaingia memsabu.

Alikuwa mke wa bwana msimamizi wa shamba, mwanamke mwembamba, mwenye huruma nyingi na muda mwingi zaidi. Alikuwa na sanduku la mbao lililojaa chupa ndogo zilizopangwa kwa safu, kila moja na kibandiko chenye jina la Kilatini na namba, na kitabu kinene cha kuzifafanua. Kila Alhamisi alikaa baraza ya nyuma na kuwatibu wanawake wa kambi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na Kibena hakujua, kwa hiyo aliniomba kwa mume wake. Bwana alisema, "Mchukue, lakini arudi kabla ya mizani."

Nilidhani nitatafsiri mambo ya tumbo na kikohozi. Lakini mwanamke wa kwanza aliposema kichwa kinamuuma, memsabu alifungua kitabu na kuanza.

"Muulize, kinauma zaidi upande wa kulia au wa kushoto? Akilala, analala upande gani? Anapenda vitu vya chumvi? Anaogopa radi? Akilia, anataka kubembelezwa au anataka kuachwa?"

Niliuliza yote. Yule mama alinitazama kwa mashaka.

"Mwanangu, haya ni yeye anayeuliza, au ni wewe?"

"Ni yeye, mama."

"Mwambie nikilia nataka mtu wa kunichotea maji."

"Na ndoto?" memsabu aliuliza. "Anaota nini?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sikujua. Hospitali haikumuuliza mtu ndoto zake. Mganga wa serikali hakumuuliza mtu kama anaogopa radi. Walioulizia mambo hayo kwetu walikuwa waganga wa ramli tu, tena wale hodari. Kabla ya jua kuzama, kambi nzima ilikuwa imepata habari kwamba mke wa bwana ni mganga kamili.

Jambo la pili lilikuwa la kuonja. Kwetu mtu hampi mwenzake kinywaji bila kunywa funda la kwanza mwenyewe. Hata sisi Walutheri tuliokatazwa pombe tulionja togwa hivyo hivyo, na dawa ndiyo zaidi: anayeitoa huionja, ndipo mgonjwa ajue kwamba mkono uliomletea ni msafi. Memsabu alikataa. Alisema dawa hii ni ya mtu mmoja na mwili wake, haichezewi, wala haiguswi kwa vidole. Inadondoshwa kwenye kifuniko na kutoka hapo inaingia ulimini. Wanawake wakafunga midomo. Walikaa vile, heshima yote, midomo imefungwa, kama watoto wanaokataa uji.

Yule aliyeumwa kichwa akaninyooshea kidole. "Aonje karani. Maneno yamepita kwake, na dawa ipite kwake."

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita nilionja kila kitu. Nilimeza dawa ya kichwa cha upande wa kushoto. Nilimeza dawa ya damu ya mwezi inayochelewa na ya ile inayowahi, katika alasiri moja. Nilimeza dawa ya mama anayenyonyesha, ya mtoto anayeota meno, na ya mwanamke anayelia akiimbiwa. Nilitegemea memsabu atachukizwa na jambo hilo mpaka aache. Lakini alifungua ukurasa mpya katika daftari lake, uso umejaa furaha. Kumbe wakubwa wa elimu hiyo huwapa watu wenye afya dawa zao na kuandika kinachowatokea. Tangu siku ile kila Ijumaa asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya wakata miti sitini nikiita majina, alipita na kuniuliza kwa sauti: "Karani, jana umeota nini?"

Wale sitini nao walitaka kujua.

Mimi ni mtu wa kuuliza vitu vinatoka wapi. Nilimwomba anieleze kila chupa ina nini, naye alinieleza Alhamisi mbili mfululizo, nikaandika. Moja ilikuwa sumu ya nyoka wa Amerika ya Kusini. Moja ilikuwa nyuki, mzima mzima, aliyepondwa. Moja wino wa samaki wa baharini, moja kombe la chaza, moja salfa, moja mkaa. Moja ilikuwa chumvi, chumvi hii hii ya mezani. Moja ilikuwa vumbi la mmea mdogo unaotambaa, na alipouonyesha kwenye kitabu niliutambua: ulikuwa kando ya kijito chetu, na wanawake walifungia kuni kwa kamba zake.

"Na katika kidonge kimoja," niliuliza, "sumu ya nyoka imo kiasi gani?"

Akanieleza utengenezaji. Tone moja la kitu chenyewe katika matone mia moja ya spiriti. Unatikisa kwa kuipigapiga chupa juu ya kitabu chenye jalada la ngozi. Unachukua tone moja la mchanganyiko huo, unalitia katika matone mia mengine, unapiga tena. Namba iliyo kwenye kibandiko inasema umefanya hivyo mara ngapi. Chupa zake nyingi ziliandikwa thelathini.

Nilikwenda mizanini, nikageuza karatasi ya magome, nikapiga hesabu. Tone moja katika moja yenye sifuri sitini nyuma yake. Sifuri zilijaa mstari wa kwanza, zikaingia wa pili. Alhamisi iliyofuata nilimpelekea.

"Memsabu, humu ndani hamna kitu."

"Ndiyo!" alisema, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi hatimaye. "Kadiri kinavyopungua, ndivyo nguvu inavyozidi."

Nilirudi kazini.

Mama alisikia habari za memsabu kwa yule jirani mjane, akaja mwenyewe, bila kuniambia, Alhamisi moja ya mwezi wa saba. Nilipotoka na kitabu cha memsabu mkononi nilimkuta kwenye foleni, amevaa gauni la kanisani.

"Kamwene, mama. Umekuja kufanya nini?"

"Kamwene. Nimekuja kuulizwa ndoto."

Akaulizwa. Alimweleza memsabu ndoto tatu ambazo mimi, mtoto wake, sikuwahi kuzisikia, na moja nilikuwemo. Memsabu alisikiliza mluzi, akatazama shingo, akafungua kitabu, akaenda ndani na kurudi na chupa. Aliniambia jina la kitu kwa Kiingereza. Ni mnyama wa baharini asiye na macho wala mdomo, alisema, amekaushwa, akachomwa, akasagwa; watu wa Ulaya walimtumia kwa shingo zilizovimba tangu zamani. Mama hajawahi kuona bahari. Nilitafuta neno la Kiswahili, na nililolijua lilikuwa moja tu, nalo nililijua kwa sababu husomwa kila Ijumaa Kuu.

"Ni sifongo, mama."

Aliweka mkono kifuani. "Ile ya msalabani?"

"Sifongo yoyote."

"Ile aliyopewa Bwana na siki?"

"Mama, ni sifongo tu. Iko nyingi baharini."

"Yeye hakuimeza," mama alisema polepole, akimtazama memsabu kwa macho mengine kabisa. "Imebaki ya kwetu."

Nilionja. Ilibidi. Mama akapokea kidonge chake ulimini akiwa amefumba macho kama yuko madhabahuni, akapewa na chupa aende nayo nyumbani, kidonge kimoja kila siku, na mimi nilikuwa nimemthibitishia kwa kinywa changu.

Nilianza kumpima. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nilizungusha uzi wa katani shingoni mwake, mahali pale pale chini ya alama ya chale ya zamani iliyokuwa upande wa kushoto wa shingo, nikafunga fundo. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa: mafundo matatu mahali pamoja. Rovu halikukua, halikupungua hata upana wa ukucha. Nilimwonyesha. Alisema uzi haujui kitu.

Kosa langu kubwa nililifanya mwezi wa nane. Nilikuwa nimechoka kusikia habari za sifongo, nikaamua kumweleza ukweli wote, hesabu na sifuri zake, ili aachane nayo. Nilimwambia: wanapunguza, mama, wanapunguza tena, wanapunguza mpaka hakibaki kitu, halafu wanadai kwamba kadiri kinavyopungua ndivyo nguvu inavyozidi. Nilisema kwa dhihaka. Mama alisikiliza kwa makini sana, akaniuliza nirudie sehemu ya mwisho.

Mwezi wa tisa nilimkuta anakata kidonge kimoja vipande vinne kwa kisu cha kumenyea viazi.

"Unafanya nini?"

"Si ulisema mwenyewe? Kidogo ndicho kikali. Kizima kimoja kilikuwa kinanidanganya."

"Mama, nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka, lakini ulisema kweli. Memsabu nilimuuliza kwa mikono, akakubali kwa kichwa."

Shangazi, dada ya marehemu baba, alikuwa ameketi pale akichambua maharage. "Mwache mama yako, karani," alisema. "Wewe umemeza za hedhi na hujafa."

Hapo pia nilicheka, nakiri. Sikujua bado kwamba vipande vile vinne vingekuja kunishika koo mimi. Maana wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi nilipokwenda kumwambia ajiandae, Jumanne ndiyo hiyo inakuja, mama alinijibu kwa utulivu:

"Siwezi kwenda. Sijaaga."

Kwetu mgonjwa hawi na waganga wawili. Dawa ya kwanza humalizwa, chombo huoshwa na kurudishwa kwa mwenyewe, unasema asante, unaaga. Ndipo mguu wako uko huru kwenda kwa mwingine. Ukiondoka na dawa ya mtu bado iko kwenye chombo, umemtukana, na dawa zitagombana ndani yako. Hata mchungaji wetu, ambaye hakutaka kusikia habari za waganga, alimaliza chupa ya hospitali kabla ya kufungua nyingine. Sikuweza kumlaumu mama kwa hilo. Lakini chupa ilikuwa na vidonge zaidi ya arobaini, na kidonge kimoja sasa kilimchukua siku nne. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama. Angemaliza baada ya miezi mitano na nusu, na daktari alikuwa na wiki tatu.

"Mimina ulimini vyote leo," nilisema.

"Nife?"

"Hamna kitu ndani yake, mama!"

"Basi unaogopa nini kikibaki?"

Yule mjane alipiga kofi gotini kwa kicheko. "Umempata!"

Nilikaa. Kisha nikamwomba mama chupa nionje, maana siku ile hatukuwa tumeonja, na dawa haitolewi bila kuonjwa. Kwa hilo hakuwa na pingamizi. Alinipa. Nikafungua, nikainua, nikamimina vyote kinywani.

Nimeeleza mwanzoni mama alivyosema. Shangazi yeye aliuliza kama makarani wa siku hizi hawapewi chakula shambani. Mama aliichukua chupa akaenda nayo nje, akaiosha. Kwetu chombo kichafu hakirudishwi kwa mwenyewe. Aliisugua ndani kwa mchanga na maji, na nje kwa majivu, mpaka ikawa inang'aa kama ya dukani. Alhamisi tulimpelekea memsabu. Mama alipiga goti kidogo, akaitoa kwa mikono miwili, akasema ameaga. Memsabu alisema imekuwa vizuri sana, akaiweka chupa mezani, akaniuliza nimeota nini.

Jumanne tulipanda lori la magome asubuhi, mama mbele na dereva, mimi juu ya mzigo. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya Wahindi, upepo na vumbi jekundu, na watu wamekaa juu ya mizigo yao wakingoja malori ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Tulingoja mpaka mchana. Nilimnunulia mama mihogo ya kuchoma na chai. Alikula vizuri. Alizungumza na mwanamke mmoja aliyetoka Ipelele na gunia la viazi, na nilimsikia akimweleza habari za sifongo. Alipanda kwenye lori la pili bila kushikwa mkono. Nilikuwa na bahasha ya mganga wa serikali na uzi wangu, nikipanga maneno ya kumwambia daktari.

Daktari alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, na Kiswahili kizuri kuliko changu. Alimlaza mama, akamketisha, akampapasa, akapima shingo kwa utepe. Nilimwonyesha uzi, vipimo vilikubaliana. Kisha akamwambia apande ngazi za wodi. Mama akapanda na kushuka. Akamwambia apande tena, haraka. Akapanda tena.

"Mluzi uko wapi?" daktari aliuliza.

Hapakuwa na mluzi.

Nilimwambia ulikuwepo. Nilimwambia mganga wa serikali aliusikia na akauandika. Alisoma barua upya, akamwekea mama chombo chake shingoni, akasikiliza muda mrefu, akatikisa kichwa. Pumzi inapita, alisema. Rovu ni kubwa, lakini laini, na leo halibani. Shingo ya namna hii haipasuliwi kwa ajili ya kuipasua tu. Wapo wanaofia mezani. Akaniuliza mluzi umekoma lini.

Hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Sikujua. Miezi mitatu nilikuwa nimepima shingo kwa uzi, nikafunga mafundo, nikahesabu vidonge na sifuri, na katika muda wote huo sikukumbuka kusikiliza. Nilimgeukia mama.

"Umekoma lini?"

"Kabla ya mavuno ya maharage. Au baada. Nilikuwa napona, kwa nini nihesabu?"

Daktari akauliza amekuwa akitumia dawa gani. Nikamweleza yote, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema sifongo ya kuchoma si ujinga. Ndani yake mna aidini, ile ile tunayopaka vidondani, na shingo zetu za mlimani zinavimba kwa kuikosa. Babu zake walitumia majivu ya sifongo. Jambo ni namba tu. "Kama kibandiko kiliandikwa moja au mbili, alikuwa anapata kidogo, na kidogo hutosha. Kama kiliandikwa thelathini, alikuwa anakula sukari, na mluzi umekoma kwa sababu nyingine ambayo siijui. Kiliandikwaje?"

Nilikumbuka mama akiisugua chupa kwa majivu, kibandiko na yote.

"Sikuangalia," nilisema. Mimi, niliyeandika kila chupa ya sanduku lile.

Akaturudisha nyumbani. Mwisho wa mwezi akaondoka.

Mluzi ulirudi mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika. Niliusikia mara hii kwa sikio langu, nikaandika tarehe. Njia ya mtoni ilikuwa matope, na mama alisimama mara nne. Hospitali ya misheni ilinijibu kwamba daktari mwingine hajafika na hawajaambiwa atafika lini. Mama hakuulizia daktari.

"Niletee ile ile," alisema. "Wewe ndiye uliyemeza yangu."

Nilikwenda kwa memsabu nikiwa tayari hata kusimulia ndoto. Nilimuuliza jambo moja: chupa ya mama yangu ilikuwa namba gani? Ikiwa mbili, ningemwomba aagize nyingine Ulaya siku ile ile. Ikiwa thelathini, nisingempotezea mama muda. Ningempeleka Dar es Salaam, nibebe deni lolote. Alifungua daftari lake. Siku ile ya mwezi wa saba alikuwa ameandika ndoto tatu za mama kwa ukamilifu, upande anaolala, na neno sifongo. Namba hakuandika. Alifungua sanduku, palikuwa na matundu mawili matupu.

"Nilikuwa nazo mbili," alisema. "Moja ya namba mbili, moja ya thelathini. Moja nilimpa mama yako. Nyingine nilimpelekea rafiki yangu Mufindi, mtoto wake alikuwa na kikohozi kibaya."

"Ipi ilikwenda Mufindi?"

Alifikiri kwa dhati, nilimwona anafikiri, macho yake yamejaa machozi kwa kutaka kukumbuka. Hakukumbuka.

Niliandika barua Mufindi usiku huo huo kwa Kiingereza changu bora, nikiomba jambo moja tu: namba iliyo kwenye kibandiko. Nilimwambia mama tungoje jibu. Barua ilirudi baada ya wiki sita, haijafunguliwa, na juu yake mtu wa posta alikuwa ameandika kwamba wenyewe wamehama na hawakuacha anwani.